Fundi Aliyesimamisha Mguu

Mimi sikurithi kitu. Niliseme hilo kwanza, maana wapo wanaodhani mashine ya kusaga, lori na nyumba ya bati vilinikuta nimelala kitandani. Shule niliishia darasa la nne. Nilianza kwa kuwabebea watu maji ya kuoshea mawe, nikapanda nikawa mpiga nyundo, nikapanda tena nikawa mwenye duara langu. Duara ni shimo la kushukia mwambani kwa kamba, na mwoga hashuki. Mgodi wa Wazungu ulipofungwa huko Geita, wengi walirudi kulima mihogo. Mimi nilibaki nikachimba. Mtu wa namna hiyo akipita, ana haki ya kutazamwa.

Lakini kambini kwetu nilikuwa nikipita, watu wanatazama kwingine. Wanamtazama Fundi.

Fundi wa nguo huyo. Jina lake nalijua, lakini hata mkewe alimwita Fundi, basi na mimi nitamwacha hivyo hivyo. Alikuwa na cherehani moja ya kukanyaga, baraza la udongo lenye paa la nyasi, na futi ya kupimia aliyoivaa shingoni kama rozari. Mtu mfupi, mwenye masikio makubwa. Hakuwa na kitu cha kumwonea wivu ukimtazama. Nami nilimwonea wivu miaka yote ile, na hata leo ninapoandika haya, na yeye ameshazikwa, sijamaliza.

Kilichowavuta watu ni hadithi. Si zile fupi za sungura na fisi tulizopewa na bibi zetu. Za Fundi zilikuwa ndefu, zinaweza kuanza wakati wa kupanda na bado zinakwenda pamba inavunwa. Mchunga ng'ombe anaingia kwenye ufa wa ardhi, anatokea nchi ambayo jua lake ni mjusi aliyelala juu ya mwamba. Binti anavuka ziwa kwa miguu akiwa na kaa la moto mdomoni. Mfalme anakusanya vivuli vya watu, anavitundika ukutani kama ngozi. Wanaume wazima, waliotoka kupiga mwamba tangu alfajiri, walikuwa wanakaa chini na vumbi lao usoni kumsikiliza mtu anayeshona kaptula.

Na alikuwa na desturi yake. Mguu unakanyaga, cherehani inalia, mdomo unasimulia. Shujaa akifika mahali pagumu, mguu unasimama. Kimya. Fundi anainua macho, anamtazama mtu mmoja tu kati ya wote, anamwuliza: "Anafanyaje?"

Hasaidii. Hadokezi. Anangoja. Mtu akisema, mguu unaanza tena na hadithi inakwenda njia aliyoisema yule, hata kama ni ya kipumbavu. Tangu siku hiyo shujaa huyo ni wake. Watu wataulizana kisimani, "Kijana wa Masanja amefika wapi?" kama vile Masanja amemzaa.

Masanja huyo alikuwa mvuta kamba wangu. Mtu mkimya. Ukimwambia vuta, anavuta. Ukimwambia kula, anakula. Siku moja mchunga ng'ombe wa Fundi alikuwa amefika mbele ya mfalme wa chini, na mfalme anampa mkuki usiokosa, ila na yeye atoe jina lake, asiitwe tena na mtu. Mguu ukasimama. Fundi akamtazama Masanja.

Masanja akajifuta vumbi usoni. Akasema, "Anaukataa mkuki."

"Anaukataaje? Kuna nyoka saba mlangoni."

"Akishinda kwa mkuki wa mtu, umeshinda mkuki. Akishindwa, ameshindwa yeye. Bora aende na mikono."

Baraza zima likapiga mbinja. Mimi nilikuwa pale, nimeegemea nguzo, najifanya nangoja suruali yangu ya kaki. Nikasema kwa sauti, "Mpe bunduki! Nyoka wanataka risasi!" Watu wakacheka, lakini si kicheko nilichokitaka. Fundi akasema kwa upole, "Tajiri, ukishampa bunduki, mimi nitashona nini tena?"

Siku chache baadaye Masanja alinijia, kofia mkononi. "Tajiri, mimi kamba basi. Kuna mahali nimepaona ng'ambo ya korongo. Nataka kufungua shimo langu."

"Nani kakupa dawa?" nilimwuliza. Maana kwetu hakuna aliyefungua shimo bila mganga, mbuzi na kitu cha kufunga kiunoni.

"Hakuna."

"Basi utakufa."

"Inawezekana," akasema, akaondoka. Hakufa. Dhahabu aliyopata haikuwa nyingi, lakini alianza kutembea katikati ya njia.

Sasa niambieni, mimi niliyempa Masanja kazi, nikamlisha, nikamtibu homa, nilipata nini kwake? "Ndiyo Tajiri." Fundi aliyempa swali moja alimpata mtu mzima. Hiyo ndiyo iliyokuwa inanila.

Wala msidhani Fundi alikuwa shujaa. Alikuwa mwoga kuliko kuku. Hakushuka shimoni hata mara moja. Alikuwa akipita karibu na mdomo wa duara anashika ukuta ambao haupo. Tuliwahi kwenda naye Chato kununua samaki wa msiba. Mvuvi akatuambia tupande mtumbwi tukawaone wale walio hai kwenye kizimba, hatua chache tu kutoka nchi kavu. Tukapanda wote. Fundi, ambaye wiki ile ile alikuwa amemvusha binti ziwa zima kwa miguu, alibaki amekumbatia mti. "Nawaona vizuri tu kutoka hapa," anasema. Nilirudi nikalieleza hilo kambini kwa furaha kubwa. Wakacheka, kisha wakaenda barazani kwake kama kawaida.

Tena alikuwa Mkatoliki wa kule Ushirombo, haachi misa, na hadithi zake zimejaa mazimwi na hirizi. Katekista alimfuata kumwonya.

"Fundi, unawafundisha watu ushirikina."

"Katekista, umeshawahi kusikia hirizi ikifanya kazi kwangu?"

Katekista akafikiri. Kweli. Kwenye hadithi za Fundi pete zilidondoka mtoni, fimbo zilivunjika, dawa za kutoonekana zilikwisha katikati ya safari, na shujaa alikuwa akibaki uchi mbele ya adui, hana kitu isipokuwa neno la kusema. Ni hapo ndipo mguu ulikuwa ukisimama, wala haukusimama kabla. Katekista akaomba apunguziwe miguu ya suruali, akakaa mpaka jioni.

Mimi sikuamini kwamba mtu anaweza kuvuta watu hivyo bure bure. Nimezaliwa Usukumani. Tunajua wakuu wa ngoma wanavyofanya baada ya mavuno: makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, na kila mkuu ana samba yake, dawa ya kuvuta watazamaji, anaifukia pale anaposimama. Watu wakihama upande mmoja, wote wanajua samba ya nani ina nguvu. Nikasema, huyu ana samba chini ya cherehani. Mganga niliyemwendea akasema ndiyo, tena ni kali, tena iko kina cha mkono mmoja.

Jumapili Fundi alipokuwa misani niliwatuma wachimbaji wangu wakafukue baraza. Mkono mmoja tu, niliwaambia. Wakatoa vifungo, bobini iliyovunjika, na sindano zilizoota kutu. Samba hamna. Wangeacha hapo. Lakini mchimbaji ni mchimbaji. Mmoja aliona jiwe jeupe lenye mstari wa kahawia, dalili ya dhahabu, akalilamba, akamwonyesha mwenzake. Nilipofika walikuwa wamezama mpaka mabegani, wameshaweka na mtu wa kuvuta udongo kwa ndoo.

"Tajiri, unakwenda! Mstari unakwenda!"

Nikaruka ndani. Mungu anisamehe, nilisahau samba, nilisahau Fundi, nikakamata nyundo. Tulipoinua macho, watu wa misa walikuwa wamesimama kuzunguka shimo na nguo zao za Jumapili, na Fundi yuko mbele, kofia mkononi, amejiweka mbali kidogo na ukingo.

"Mmefika wapi?" akauliza.

"Mstari umekatika," nikasema. Ningesema nini kingine?

"Pole," akasema. Jumatatu alilaza mbao juu ya shimo, akaweka cherehani yake juu ya mbao, akasimulia. Watu waliongezeka. Walikuja kuona shimo, wakabaki kwa hadithi.

Tufike kwa Mama Kulwa.

Mama Kulwa ni mke wangu. Nilimwoa kwa ng'ombe wazuri kutoka Mhunze, na pacha wetu, Kulwa na Doto, ndio waliompa jina. Hakukosa kitu. Vitenge, mafuta, kitanda cha mbao ya mninga wakati wenzake wanalala juu ya ngozi. Alikuwa mtu wa maneno machache, nami nilidhani ni kushiba. Akaanza kupeleka nguo za watoto kwa Fundi. Nguo za watoto hazichaniki kila wiki, hata mimi nalijua hilo, lakini nilinyamaza. Fundi alikuwa mzee, hajawahi kutajwa kwa mke wa mtu. Ingekuwa hivyo ningejua la kufanya.

Hadithi ya msimu ule ilikuwa ya binti anayeishi kwa zimwi chini ya kilima. Zimwi lenyewe halikumpiga wala kumtukana. Linamlisha nyama, linamvika vizuri, na kila jioni linajisifu mbele yake jinsi lilivyochimba kilima chote kwa kucha zake lenyewe. Hapo watu walikuwa wakinitazama kwa pembe za macho na kujikohoza. Nilikuja kumwuliza Fundi, "Zimwi hilo ni nani?" Akanijibu, "Zimwi ni zimwi, Tajiri."

Basi siku hiyo zimwi limesahau mlango wazi, limelala. Ukutani kuna fimbo ya kupasua miamba. Kwenye kibuyu kuna dawa ya kutoonekana. Uani kuna punda anayeruka angani. Binti amesimama katikati ya vyote hivyo. Mguu ukasimama.

"Mama Kulwa," Fundi akasema, "anachukua nini?"

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Hakujua kwamba niko nyuma ya nguzo. Nilimwona anashusha macho, nikasema moyoni, hatasema, huyu hasemi.

"Hachukui."

"Anatoka hivyo hivyo?"

"Hatoki. Anangoja liamke. Anatoka mchana, kwa mlango, likimwona. Tena analiambia kwanza."

"Mayu!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Litamla!"

"Likimla," mke wangu akasema, "litakuwa limemla mtu. Siku zote hizi lilikuwa linafuga tu."

Kisha mguu wa Fundi ukaanza, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Nilikaa na mke wangu nyumba moja miaka yote ile na sikuwahi kusikia sentensi ndefu hivyo kutoka kwake. Ilikuwa ndani, imekaa, na aliyeichimbua ni mtu anayeogopa mtumbwi.

Haikupita wiki. Nilikuwa nakula ugali kwa sato, mchana, mlango wazi. Akasimama mbele yangu na kitenge cha safari.

"Baba Kulwa, mimi naondoka."

"Sokoni?"

"Mhunze. Kuna shamba la marehemu mama, limelala. Nitalima pamba. Watoto nakwenda nao."

"Nani kakutuma?"

"Sijatumwa."

"Huyo Fundi!"

"Fundi yuko barazani anashona. Nenda kamwulize."

"Umekosa nini hapa? Kitaje, nikununulie."

Akanitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Ndiyo hayo, Baba Kulwa," akasema. Alitoka mlangoni, nikimwona, mkono wangu bado uko kwenye ugali.

Nilimvamia Fundi bila hata shikamoo. "Marahaba," akasema yeye, kama vile nimeitoa. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Akasikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akaniuliza kama suruali yangu inanibana, maana nilikuwa nimenenepa. Nilimtazama nikaona kwamba anaogopa. Anaogopa, na hasogei. Nikaondoka.

Wakwe zangu walituma habari kwamba nikachukue ng'ombe wangu. Kwetu mtu akichukua ng'ombe, amekubali kwamba ndoa imekwisha. Sikwenda. Walituma tena, sikwenda. Ng'ombe wale walizaa kule, wajukuu wao wakazaa, nami sikuchukua hata mkia. Nilichimba, nikanunua lori, kisha mashine ya kusaga. Kila nilichonunua nilikuwa nikifikiri habari zake zitafika Mhunze. Zilifika. Madereva waliniambia zilifika. Na habari za kule nazo zilikuwa zinanijia: Mama Kulwa ana jembe la kukokotwa na ng'ombe. Mama Kulwa kasimama kwenye mkutano wa kijiji akambishia mwenyekiti. Kila habari ilikuwa inanichoma, nami nikawa namchukia Fundi zaidi.

Yeye macho yalimharibikia. Cherehani ikauzwa, akahamia Ibadakuli kwa binti yake. Ilikuwa ile miaka ya shida, sukari na sabuni ni vya mgawo, nami nilikuwa na vyote viwili. Nikapakia kwenye gari nikaenda.

Alikuwa amekaa nje, anamenya karanga kwa kupapasa. Ndege ndogo ilikuwa inashuka kule uwanjani, akainamisha kichwa hadi kelele ziishe.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Hiyo ni sauti ya Tajiri. Umekuja kufukua?"

Nikacheka, sikutaka lakini nilicheka. Nikamshika mkono nikauweka juu ya sukari, juu ya sabuni, ajue. Akashukuru, "Wabeja sana." Kisha nikasema lililonileta.

"Nataka hadithi moja. Ya yule binti. Unajua Mhunze watu wanaichukua hadithi yako mdomo kwa mdomo, itamfikia. Nataka arudi."

"Nani?"

"Binti."

"Kwa zimwi?"

"Fundi, usinichokoze."

Akamenya karanga mbili tatu. "Siwezi, Tajiri. Yule binti si wangu. Nilimkabidhi kwa Mama Kulwa siku ile mbele ya watu. Nikimrudisha mimi, nitakuwa mwizi."

"Wewe ndiye uliyemtoa!"

"Mimi?" Akageuza uso kwangu, macho yake meupe. "Mama Kulwa alinijia asubuhi ya siku aliyoondoka, mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Akaniuliza, 'Fundi, binti akishatoka, anafika?' Nikamwambia sijui. Akasema, 'Wewe ndiye mwenye hadithi.' Nikamwambia sijui kweli, sijafika huko. Alikasirika, Tajiri. Alinitukana kidogo." Akacheka peke yake. "Kisha akaenda hivyo hivyo."

Nilichukua karanga moja, nikaimenya.

Mimi niliposhuka mwambani mara ya kwanza nilikuwa na hirizi kiunoni, na juu kulikuwa na mtu ameshika kamba. Mama Kulwa alishuka na nini? Aliomba neno moja la kumtia moyo, akanyimwa, akashuka. Miaka yote nilikuwa namwonea wivu mtu ambaye hakumpa kitu. Nilitafuta mahali pa kuuweka wivu wangu, nikaona umebaki mahali pamoja tu, kwa Mama Kulwa mwenyewe. Mimi ninayejitangaza kila baraza kwamba nimejitengeneza, nilikuwa nimeoa mtu aliyejitengeneza kuliko mimi.

"Nakwenda kwake," nikasema.

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia nina lori. Nina mashine ya kusaga. Nyumba nimeiongeza vyumba, nimeweka sakafu ya saruji…"

"Aa, Tajiri," Fundi akasema, kwa sauti ya mtu anayemwonyesha mwenzake shimo kwenye giza. "Mali zako alishaziona. Alikuwa anazitazama wakati anaondoka."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia, ukiacha kuniaga. Mwaka haukuisha wakamzika.

Niliendesha kwenda Mhunze. Gari nikaliacha kwa jamaa mmoja nikatembea kwa miguu. Nilimkuta uani, ameketi kwenye turubai, lundo la pamba mbele yake, anachagua: safi huku, fifi, ile chafu, kule. Mikono yake ilikuwa haimngoji mtu. Kulwa alikuwa ameota ndevu. Alinipa shikamoo, akaingia ndani kumwita Doto. Mama Kulwa hakuinuka.

Nilikuwa na hotuba. Njiani niliipanga vizuri. Lakini nilipoliangalia lile lundo, lote lake, wivu ulinishika, hotuba nikaiacha.

"Nikusaidie?" nikasema.

"Unajua kuchagua?"

"Sijui."

Mikono yake ikasita. Akanitazama kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake.

"Umesemaje?"

"Nimesema sijui."

Akatazama pamba, akatazama viatu vyangu. Kisha akasogea kidogo kwenye turubai, nafasi ya mtu mmoja.